Gastrini ikisoma juu: mambo ya kujua kabla hujaja kupima

Gastrini ni homoni itokayo sehemu ya chini ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Ukila, inapanda na kuliamuru tumbo litoe asidi. Asidi ikitosha, inashuka yenyewe. Usipokula, kwa kawaida haizidi pikogramu 100 kwa mililita ya damu.

Ikizidi, usiogope kabla ya kujua hali ya asidi yako. Mara nyingi gastrini hupanda kwa sababu asidi imepungua, mwili unajaribu kufidia. Ndivyo ilivyo kwa anayemeza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) kila siku, au mwenye ukuta wa tumbo uliosinyaa, ambaye huweza pia kupungukiwa damu kwa kukosa vitamini B12. Bakteria wa H. pylori na figo zilizoshindwa kazi nao huipandisha.

Hali ya hatari ni gastrini kuwa juu huku asidi nayo ikiwa nyingi. Hapo hushukiwa gastrinoma, uvimbe wa nadra kwenye kongosho au duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) unaomwaga homoni hii bila breki. Huleta vidonda vya tumbo vinavyorudi kila dawa ikiisha, na kuharisha kusikokoma, kwa kuwa asidi huharibu vimeng'enya vya kongosho na mafuta hayasagwi. Gastrini ikipita 1,000 na pH ya tumbo (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi ni kali zaidi) ikiwa chini ya 2, daktari huanza kuusaka uvimbe. Ikiwa katikati, huweza kuagiza kipimo cha kuchochea kwa sekretini, homoni nyingine ya utumbo.

Njoo asubuhi, ukiwa umekaa muda wa saa 12 bila chakula, maji matupu tu. Omeprazoli na jamii yake kwa kawaida husimamishwa takriban siku 7, lakini tunasisitiza: usiache mwenyewe. Mwenye gastrinoma akiacha ghafla, kidonda kinaweza kutoboka au kuvuja damu. Daktari ndiye apange, pengine akubadilishie dawa. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitali mara moja, kipimo kitasubiri.

Gastrini huharibika upesi kwenye joto. Damu ikishatolewa, tunaizungusha kwenye mashine kutenga majimaji yake, kisha tunayagandisha. Sampuli iliyosafirishwa bila barafu hatuipokei, maana husoma chini ya ukweli na kuficha ugonjwa.

Njoo na orodha ya dawa zako zote, hata ulizonunua dukani bila cheti.