Hiyo Ireland moja msiiharakishe

Assalaam alaykum mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu inayosema Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, iungane hata kesho na Jamhuri ya Ireland ya kusini kwa sababu kisiwa ni kimoja na watu ni wamoja, nkacheka peke yangu ndani ya basi. Kisiwa kimoja sawa. Ila hayo ya watu wamoja nahisi alieandika hajawahi kulala Belfast hata usiku mmoja. Mie huku nnalea wazee mwaka wa sita sasa, na baina ya mtaa wa Falls wa Wakatoliki na Shankill wa Waprotestanti kuna ukuta, na ukuta una mageti, na mengine yakishafungwa usiku nkitoka shifti teksi inazunguka weee kufika pahala ambapo mchana unakwenda kwa miguu. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa kumaliza vita vya pande hizo mbili ulisainiwa 1998, watu zaidi ya 3,500 washakufa, serikali ya huku kaskazini ikaahidi kuta zote ziwe zishaondoka ikifika 2023, na mpaka leo zipo. Na kuna wanaokaa chini yake kabisa ambao hawataki ziondoke, wanakwambia usingizi unakuja kwa sababu ya ukuta.

Mie kuungana sipingi, nisieleweke vibaya. Alokikata kisiwa 1921 ni Muingereza, tena alikata kwa hesabu, jimbo la Ulster la huku kaskazini lina kaunti 9 akachukua 6 tu ili Waprotestanti, ambao wengi wao wanataka kubaki na Uingereza, wawe wengi. Sasa hesabu imemgeuka, sensa ya 2021 waliolelewa Kikatoliki ni asilimia 45.7 na Waprotestanti 43.5, basi watu wakiona namba hizo wanasema yamekwisha hayo, leteni kura. Jamani, Ukatoliki si kadi ya chama. Kazini kuna dada mmoja Mkatoliki wa kutupwa, ukimuuliza habari za Ireland moja anauliza kwanza nkienda kwa daktari ntalipa ngapi, manake huku matibabu ni bure na kule kusini kama huna ile kadi maalum unatoa yuro hamsini na zaidi kila ukimuona daktari. Hajapata wa kumjibu. Na pensheni ya mama yake italipwa na nani, na yale mabilioni ya pauni London inayoleta kila mwaka kuziba bajeti ya huku yatatoka mfuko gani, hayo makala yenu haikuyagusa hata kwa bahati mbaya.

Sheria yenyewe iko hivi, waziri wa London anaeshughulikia Ireland ya Kaskazini akiona inaelekea wengi watataka kuungana basi ni lazima aitishe kura, na huku kaskazini inatosha nusu na kura moja, halafu kusini nao wakubali. Marehemu Seamus Mallon, mtu wa upande wa Wakatoliki na aliesaidia kuupata huo mkataba, alikuja kusema nusu na moja haitoshi, inatakiwa na Waprotestanti nao wakubali kwa kiasi fulani. Mimi hapo sipo nae. Wakatoliki wamebakishwa Uingereza kwa wingi wa kura tangu hiyo 1921, leo wakikaribia kuwa wengi wao mnawabadilishia hesabu? Hiyo dhulma. Namba muiache ilivyo, kinachotakiwa ni mpango uandikwe kwanza, matibabu, skuli, pensheni, bunge la huku Belfast, Stormont, linabaki au linavunjwa, bendera ipi, watu wausome wagombane nao miaka miwili mitatu, ndo wapige kura.

Kwani hawajaona kura isiyo na mpango? 2016 Uingereza walipiga 52 kwa 48 kujitoa Umoja wa Ulaya bila ya kujua wanatokaje, Ireland ya Kaskazini ilitaka kubaki kwa karibu asilimia 56 na ikatolewa hivo hivo, mwisho wakaenda kuweka forodha baharini baina ya huku na Uingereza yenyewe, ikawa mpaka soseji na mbegu za viazi kutoka Scotland ni kesi. Na kabla ya hapo 1973 ilipigwa kura ya mpaka, Wakatoliki wakagoma, karibu asilimia 99 ya waliopiga wakasema tunabaki na Uingereza, na mauaji yakaendelea miaka 25 mingine. Kwetu Unguja 1964 hatukuulizwa kabisa na kero zake mnazijua, lakini kuulizwa ovyo nako si dawa.

Jengine ambalo nyie waandishi hamlioni ni sisi wageni. Nani atapiga hiyo kura haijapangwa, sheria imemuachia huyo huyo waziri aamue. Uchaguzi wa bunge Mtanzania au Mkenya anaeishi huku kihalali anapiga kwa sababu ya Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kura ikibana inawezekana kabisa kisiwa cha watu kikaamuliwa na wakosha wazee kama mie. Lakini mara ya kwanza mie kuona bendera ya Ireland na ya Uingereza zimeshikwa pamoja kwa furaha ilikuwa picha za Agosti 2024 hapa Belfast, watu wameandamana dhidi ya wageni, na jioni yake maduka ya watu wa nje yakachomwa. Huo umoja sikuutaka. Wakinipa karatasi leo, wallahi sijui ntatia tiki wapi, na yule dada wa kazini nae bado anasubiri bei ya daktari.

Mzanzibari, Belfast