Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kocha wa timu inayofungwa

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara tatu barua yako ya kujiuzulu tangu Jumapili usiku uliponikabidhi, ukaniomba niipitie kabla hujaipeleka kwa viongozi wa timu. Lugha yake haina kosa. Nina ugomvi na sentensi moja tu, ile inayosema kwamba mabinti hawa wanastahili kocha anayejua kushinda, na kwa kuwa ninaamini wapo makocha wengine wa timu za wanawake hapa Dar es Salaam wanaoifikiria sentensi hiyohiyo, nimeona nikujibu hadharani.

Tulifungwa 6-0, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli letu pale Mbagala, daftari mapajani kama kawaida yangu, na hadi mapumziko hakuna aliyekuwa amemfunga mwenzake. Kipindi cha pili kilipofika katikati nilimwona beki wako wa kushoto ameinama, mikono magotini, mpira ukiwa upande wa pili kabisa wa uwanja, na hadi uliporudi kwetu alikuwa hajainua kichwa. Bao la kwanza lilipitia kwake. Ulipotaka kumbadilisha, yule wa akiba alikuwa peku, kwa maana njumu alizokuwa akizisubiri zilikuwa bado miguuni mwa mwenzake. Wakakaa chini wote wawili kando ya mstari, mmoja akifungua kamba, mwingine akijikung'uta mchanga kwenye nyayo, na kabla hawajamaliza kupokezana tulishafungwa la pili tukiwa kumi uwanjani. Ni mbinu gani ya ukocha ingelizuia bao hilo?

Nimelipitia daftari lote. Katika mechi saba tumepata sare moja, na kati ya mabao 24 tuliyofungwa, 19 yameingia kipindi cha pili. Timu isiyojua mpira hufungwa tangu dakika za mwanzo; hii yetu inaishiwa pumzi. Na itakosaje kuishiwa pumzi, ikiwa kipa wako huamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, na wengine watatu hushinda wamesimama kwenye vibanda vya chakula, kisha jioni mnaachiwa uwanja baada ya maveterani kumaliza, saa kumi na mbili kasoro, giza likiwa mlangoni? Dakika 40 hizo unazitumia kuwafundisha kupanga safu na kupigiana pasi, na wamejifunza kweli. Mazoezi ya stamina hayajawahi kupata nafasi.

Unasema kocha mzuri hafungwi hivi. Mwezi Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walipokwenda India katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, walianza kwa kufungwa 4-0 na Japani. Kocha wao, Bakari Shime, alikuwa na siku tatu tu kabla ya kukutana na Ufaransa, na mabinti walewale, bila kuongezewa hata mmoja, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali. Kocha huyohuyo aliiongoza Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, katika fainali za Afrika kule Moroko mwaka 2025, wakafungwa 1-0 na Mali, wakatoka sare na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, kisha wakafungwa 4-1 na Ghana. Na hata kufika huko kulichukua muda: kabla ya hapo, mara ya mwisho Twiga Stars kucheza fainali hizo ilikuwa mwaka 2010, chini ya Charles Boniface Mkwasa, na walipoteza mechi zote tatu za kundi. Sikulinganishi na hao kwa cheo. Ninakuonyesha tu kwamba watu wanaoijua kazi hii kuliko sisi wamefungwa pia, wakaendelea kuwa makocha.

Kosa lako ninaloliona ni jingine kabisa, na nitalisema kwa kuwa mimi ni kaka yako. Unawaagiza wakabe juu tangu dakika ya kwanza, kana kwamba wana mapafu ya watu waliolala kwa muda wa saa nane na kula mara tatu. Waache wapinzani wamiliki mpira hadi mstari wa kati, safu zako zikae karibu karibu, nguvu zibaki kwa ajili ya nusu saa ya mwisho. Hilo unaliweza, kwa sababu nidhamu ya kukaa kwenye nafasi tayari umewapa.

Nimezungumza na msimamizi wa uwanja. Amekubali mtumie Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, bila malipo, mradi muufagie kabla ya kuondoka. Jana nilipita kwenye mitumba ya Karume nikapata njumu jozi tatu, mbili namba 38 na moja namba 40. Hiyo ya 40 soli yake imeachia kidogo mbele, nimempelekea fundi viatu.

Barua yako bado ninayo, nimeihifadhi ndani ya daftari la mechi. Nitakuja nayo Jumamosi. Mazoezi yakiisha na bado ukiitaka, nitakurudishia mkononi.

Kaka yako