Uhuru wa nani, usalama wa nani

Baba na mama, shikamooni. Wadogo zangu, salamu nyingi.

Sauti mlizonitumia nimezisikiliza zote, hata ile ya mwisho ambayo mnaongea watu wanne kwa mpigo na anayesikika ni mama peke yake. Hoja zenu nimezipata. Baba anasema usalama kwanza, asiye na la kuficha hana la kuogopa. Kitinda mimba anasema serikali imwache na uhuru wake. Mama anasema nyote mnazunguka mbuyu, kilichokufa ni maadili. Na wewe uliyeingizwa kwenye kamati ya kanuni za kamera za ulinzi unataka jambo la kushika mkononi, si mahubiri. Nitajaribu kuwajibu wote.

Watu wakizungumzia mambo haya huchora mizani: sahani moja uhuru, nyingine usalama, ukiongeza huku umepunguza kule. Picha hiyo inaficha swali la kwanza, yaani anayepunguziwa ni nani na anayeongezewa ni nani. Sheria ya kumweka mtu mahabusu siku 30 bila kumfikisha mahakamani haimkati kila raia kipande kidogo cha uhuru. Inawachukulia wachache siku zote 30 ili wengine walale vizuri. Mkuki kwa nguruwe, na sisi wengi tunapopima sheria za usalama kila mmoja hujiona ameshika mpini. Kwa hiyo kusema “wananchi wengi wanaiunga mkono” hakutoshi. Wengi hao siyo watakaolala mahabusu.

Baba, hoja yako nitaijibu kwa hesabu, kwa heshima zote. Chukua mji wenye watu 1,000,000 na wahalifu hatari 100 ndani yake. Uletwe mtambo wa kuchuja watu, na tuupe sifa nzuri: ukikutana na mhalifu unamtambua mara 99 kati ya 100, ukikutana na mtu mwema unamsingizia mara 1 tu kati ya 100. Utanasa wahalifu 99. Lakini watu wema ni 999,900, na asilimia moja yao ni 9,999. Orodha itakuwa na majina 10,098, na katika kila majina 102 hivi, mmoja ndiye anayetafutwa. Kila jina likichunguzwa kwa saa 4, hizo ni saa 40,392. Askari anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ana saa 2,000. Maana yake askari 20 watamaliza mwaka mzima wakihangaika na orodha hiyo, na yule mhalifu wa 100 hayumo. Wale 9,999, Baba, hawakuwa na la kuficha.

Sasa mtambo huohuo uelekezwe kwa watu 200 ambao upelelezi wa kawaida umeshawatilia shaka kwa sababu za msingi, tuseme nusu yao ni wahalifu kweli. Utanasa 99 na kumsingizia mmoja. Mtambo haukubadilika, kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Ndiyo maana sheria nzuri hudai shaka yenye msingi kabla ya upekuzi. Watu hudhani sharti hilo ni huruma kwa wahalifu, kumbe ndilo linalompa askari muda wa kumkamata mhalifu. Marekani walikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, nani kampigia nani na saa ngapi, na jambo hilo likaanikwa mwaka 2013. Mwezi Januari 2014 bodi huru ya serikali yao wenyewe iliripoti kwamba haikuona hata kesi moja ya tishio kwa nchi hiyo ambayo mpango huo ulibadilisha matokeo ya upelelezi wa ugaidi. Mwaka uliofuata Bunge likaufuta ukusanyaji huo wa jumla.

Kwa mwanakamati wetu. Mahakama za nchi nyingi hutumia kigezo cha uwiano, ambacho ni maswali manne, na mpangilio wake una maana: ukikwama kwenye moja huendi kwenye linalofuata. Lengo ni halali? Hatua hii inalifikia lengo kweli, au inalizungukia tu? Je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kupata matokeo yaleyale? Na mwisho, madhara yake kwa wanaoguswa yanalingana na faida? Kamati nyingi huanzia swali la nne, kwa kuwa hapo kila mtu ana la kusema, na mjadala hugeuka ubishi wa hisia. Mapendekezo mengi mabovu huanguka swali la pili au la tatu, kimyakimya, bila mtu kugombana na mtu.

Mfano wa swali la pili ni kesi ya David Oakes nchini Kanada, iliyoamuliwa mwaka 1986. Sheria ilisema mtu akikutwa na dawa za kulevya achukuliwe kuwa ni mfanyabiashara wake mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Oakes alikutwa na vichupa 8 vya mafuta ya bangi, kila kimoja gramu 1. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kupambana na biashara hiyo ni lengo zito, lakini ikasema kukutwa na kiasi kidogo hakumfanyi mtu kuwa muuzaji. Kiungo kati ya lengo na njia hakikuwepo, sheria ikaanguka. Swali la tatu na la nne limo katika hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ya Desemba 2008. Uingereza ilikuwa ikitunza alama za vidole na vinasaba vya watu waliokamatwa, bila kikomo, hata wakiachiwa huru na mahakama. Mmoja wa walalamikaji alikuwa na miaka 11 alipokamatwa. Majaji wote 17 walikubaliana kwamba haki imevunjwa. Hawakusema polisi wasitunze vinasaba. Walichokikataa ni kutunza vya kila mtu, wa kosa lolote, wa umri wowote, milele.

Haya, kamera zenyewe. Muda wa kutunza picha uandikwe kwa siku, siyo “kadiri itakavyohitajika”, na mfumo ufute wenyewe bila kungoja mtu akumbuke. Picha inayohitajika kwa kesi itolewe nakala na ipewe namba ya kesi. Nyingine zote zifutike. Kila anayefungua picha aingie kwa jina lake mwenyewe, maana nenosiri moja la ofisi nzima ni sawa na kutokuwa na nenosiri. Mfumo uandike nani ametazama, saa ngapi, kwa sababu gani, na anayekagua kumbukumbu hizo asiwe anayetazama picha. Kamera ikielekea madirisha ya watu, programu nyingi za kamera zinaruhusu kuweka kiraka cheusi juu ya sehemu hiyo ya picha. Kiwekwe siku ya kufunga, mbele ya wenye madirisha.

Kinachoharibika mara nyingi ni matumizi kutambaa. Kamera zimefungwa kwa ajili ya ujambazi. Mwaka wa kwanza zinatafuta majambazi, wa pili zinatafuta waliotupa taka, wa tatu mwenye nyumba anaomba kuona mpangaji wake anatembelewa na nani, na kwa kuwa picha zipo na anayeomba ni mtu wa heshima, anapewa. Dawa yake ni kutaja makosa yanayoruhusu picha kufunguliwa, moja moja, na kuandika kwamba kuongeza kosa jingine kunahitaji kikao kipya. Ukitaka kujua kama usimamizi upo au ni wa karatasi, uliza mara ya mwisho ombi lilikataliwa lini. Wakikosa jibu, hakuna msimamizi hapo, kuna mpiga muhuri.

Halafu tarehe ya mwisho ya mamlaka yoyote mnayoyatoa. Baada ya mabomu ya Birmingham mwezi Novemba 1974, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka kubwa sheria ya kuzuia ugaidi ambayo jina lake lenyewe lilisema ni ya muda. Ilihuishwa na kuandikwa upya hadi ikarithiwa na sheria ya kudumu ya mwaka 2000. Wanaume sita waliofungwa maisha kwa mabomu hayo mwaka 1975 walikuja kuachiwa mwaka 1991, ilipobainika kuwa ushahidi hausimami. Ufaransa ilitangaza hali ya hatari Novemba 2015, ikaiongeza mara sita, ikaimaliza Novemba 2017, lakini siku chache kabla ilikuwa imeshapitisha sheria iliyohamishia baadhi ya mamlaka hayo katika sheria za kawaida. Kwa hiyo kuandika “miezi 6” peke yake hakuzuii kitu. Andika kwamba muda ukiisha mamlaka yanakufa yenyewe, na anayetaka kuyafufua ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha, kwa idadi, yalitumika mara ngapi na yalizaa nini. Uzito ukikaa kwa anayetaka kufuta, hayatafutwa kamwe, kwani hakuna kiongozi anayetaka kuwa aliyefuta jambo wiki moja kabla ya balaa.

Yapo mambo ambayo hata hali ya hatari haiyagusi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 4, unaruhusu nchi kusimamisha baadhi ya haki wakati wa hatari inayotishia uhai wa taifa, ikitangaza rasmi na kuziarifu nchi wanachama wengine. Lakini unazitaja ambazo hazisimamishwi: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutofungwa kwa kushindwa tu kutimiza mkataba, kutoadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa, kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria, na uhuru wa fikra, dhamiri na dini. Mkitunga kanuni yoyote, mpitie orodha hiyo kwanza. Ni fupi, na inaokoa vikao vingi.

Mama, sasa zamu yako, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kuna aina mbili za makosa. Mwizi akiiba, aliyeibiwa anakwenda polisi mwenyewe. Mlalamikaji yupo na ushahidi unaanza kujileta. Lakini ukilifanya kosa la jinai jambo ambalo watu wazima wamekubaliana wao kwa wao, nani atakwenda kushtaki? Aliyeuza karidhika, aliyenunua karidhika. Serikali ikitaka kuitekeleza sheria hiyo lazima ipeleke masikio yake: watoa habari wa kulipwa, askari wanaojifanya wateja, simu zinazosikilizwa, milango inayovunjwa usiku. Na rushwa hufuata, kwa sababu pasipo na mlalamikaji askari anaweza kupokea chochote na kesi ikafa bila mtu wa kuiulizia.

Marekani walipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933. Waliopigania marufuku hiyo wengi walikuwa watu wema waliochoka kuona familia zikiharibika. Uchungu wao ulikuwa wa kweli kama wako. Serikali iliamuru spiriti ya viwandani itiwe sumu isinyweke, watu wakainywa wakafa. Mjini Seattle aliyekuwa askari, Roy Olmstead, akawa mfanyabiashara mkubwa wa magendo ya pombe, na maofisa wakaunga waya kwenye simu zake na za wenzake kwa miezi kadhaa. Maelezo ya mazungumzo hayo yalijaa kurasa 775. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema kusikiliza simu kwa namna hiyo si upekuzi, hivyo hakuhitaji hati ya mahakama. Marufuku ilikufa miaka mitano baada ya hukumu hiyo. Ruhusa ya kikatiba ya kusikiliza iliishi hadi mwaka 1967, na kesi iliyoiangusha ilihusu mtu aliyekuwa akipitisha taarifa za kamari kwenye kibanda cha simu.

Sikuambii maadili yaachwe, mama. Mtoto kudhulumiwa, mtu kulazimishwa, mlevi kuendesha gari: huko yupo anayeumia bila kuridhia, na sheria iingie kwa nguvu zote. Na pale asipokuwepo wa namna hiyo, yapo mengine yanayofanya kazi: malezi, aibu, nasaha, jamaa kumkalisha mtu kikao. Hayo yana nguvu kwa kuwa anayekusema anakujua na kesho mtaonana. Ukimkabidhi askari kazi hiyo, huwezi tena kumwambia askari aishie wapi.

Kitinda mimba, wewe unasema dhamiri yako ndiyo sheria yako. Sawa, ila dhamiri nayo ina utaratibu. Uingereza ilipoanza kuwalazimisha watu jeshini mwaka 1916, sheria iliruhusu anayekataa kwa dhamiri asamehewe kabisa, au apewe kazi nyingine ya manufaa kwa taifa, au aingie jeshini bila kushika silaha. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri. Ilipoharibikia ni kwenye mabaraza yaliyosikiliza maombi hayo, ambako kijana aliulizwa maswali ya kumtega na waliokwishaamua, na walio wengi hawakusamehewa kabisa. Watu 35 waliopelekwa Ufaransa wakakataa amri walihukumiwa kifo, kisha wakabadilishiwa kifungo cha miaka 10. Ukiwa na la kukataa, likatae mapema na hadharani, na gharama uibebe wewe, isimwangukie mtu wa tatu asiyehusika. Na ukiwa mtumishi ukapewa amri inayokutia shaka, iombe kwa maandishi yenye jina na tarehe. Amri nyingi mbaya huishia hapo.

Mwanakamati, rasimu nitumie kabla ya kikao, na uitume kama faili, siyo picha za simu. Zile za mara ya mwisho ukurasa wa tatu ulikatwa pembeni, na ndio wenye adhabu. Pigia mstari kila palipoandikwa “inapobidi”, “kwa manufaa ya umma” na “mamlaka husika”, kisha andika pembeni: nani, lini, kwa kipimo gani. Vile visivyo na jibu tutaanza navyo simu ya Jumapili, kabla baba hajaanza.

Wasalaam,
Kaka yenu