KUH: Kunyimwa sahihi ya daftari la mafunzo na kuvunjiwa heshima mapokezini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata katika tawi lenu la Mombasa Jumatatu iliyopita. Mkataba wangu mnao. Kipengele cha kusimamia mafunzo ya wafanyakazi wanaojiandaa kusajiliwa na Bodi ya maajenti wa nyumba na ardhi mlikiandika wenyewe, kwa hiyo sitakirudia.

Nilikuja kutiwa sahihi tu kwenye daftari langu la mafunzo hayo, linaloonyesha kazi nilizozifanya. Meneja wa tawi alilipokea daftari pale kaunta, akafungua kalamu, akapekua kurasa mbili tatu, kisha akaifunga kalamu yake na kusema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Huyu hapa alikuwa akibeba funguo tu. Bodi haisajili wabeba funguo." Akamwita askari anitoe nje.

Funguo hizo zilikuwa za nyumba za Nyali na Bamburi nilizozipangisha kwa jina lenu. Nani alikuwa akifuata kodi tarehe tano ikipita? Nani alisoma mita za maji na stima mpangaji akihama, akahesabu vioo vilivyovunjika, akabishana na fundi wa mabomba siku ya Idd wakati meneja hashiki simu? Fomu za ukaguzi zimo kabatini mwenu na zina jina langu. Tena kamisheni ya lile duka la Mtwapa mpaka leo naambiwa "inashughulikiwa".

Na daftari hilo hilo, meneja huyo huyo, mwaka jana alitia sahihi kurasa za mwanzo bila hata kuzisoma. Wakati ule mlinitaka nibaki. Kasoro zilianza kuonekana nilipotoa notisi ya kuacha kazi. Kumbe mtu akiondoka kwenu, na kazi aliyokwisha kuifanya inafutika!

Nirudi pale mapokezini, maana sidhani ulielezwa yote. Kwenye kiti cha karibu na mashine ya maji alikuwa ameketi mwenye nyumba wa Kizingo, mama mtu mzima ambaye mimi ndiye niliyemleta kwenu. Meneja alipotamka "kubeba funguo" alikuwa akimtazama yeye, si mimi. Kisha akalisukuma daftari langu likaanguka chini. Nikainama kuliokota mbele ya mama huyo na mbele ya wasichana niliowafundisha kazi. Askari mwenyewe aliona haya, hakunigusa, akanifungulia tu mlango. Meneja akacheka: "Angalieni asije akaondoka na funguo." Ndivyo alivyosema, Bwana Mkurugenzi. Akaniita mwizi mbele ya mteja.

Sheria ya Maajenti wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ipo tangu 1984, na kifungu cha 18 mnakijua: anayefanya kazi hii bila kusajiliwa anakabiliwa na faini ya hadi shilingi 20,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Mnaponinyima sahihi mnanifungia njia ya halali na kuniachia ile ya madalali wa mitandaoni, wanaotoza watu pesa za kutazama nyumba ambayo ilishapata mpangaji. Halafu ni nyinyi mnaolalamika kwamba madalali wanaharibu soko.

Nilipoanza barua hii nilitaka sahihi tu. Sasa nataka na cheti changu cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakikifanyi kuwa fadhila ya meneja, bali wajibu wa mwajiri, na kukinyima ni kosa. Nataka kamisheni ya Mtwapa. Nataka pia meneja aniombe radhi pale pale mapokezini, mchana, ofisi ikiwa na watu, na yule mama wa Kizingo aandikiwe barua kwamba aliyoyasikia ni uongo. Radhi ya simu sitaipokea.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya nitakwenda kwa afisa wa kazi, na nikilazimika nitafika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Nakala itakwenda kwa Bodi, nami nitaiomba iangalie jambo moja zaidi: kama kila mkurugenzi wenu anayeshughulika na uajenti amesajiliwa kama sheria inavyotaka, na ni nani hasa aliyekuwa akipangisha nyumba kwa jina lenu iwapo mimi nilikuwa nikibeba funguo tu. Vyeti vyenu vya kufanyia kazi ya uajenti vinaisha Desemba 31. Ningependa Bodi iwe imesoma barua hii kabla hamjaomba vipya.

Yule mama wa Kizingo amekubali kutoa ushahidi.

Wako mwaminifu,
Aliyekuwa Afisa wa Upangishaji, Tawi la Mombasa