Mume wangu anasema nikikopa kikoba nimemkana Mungu, nifanyeje?

Bwana asifiwe mama mshauri, shikamoo, na wapendwa wote mnaosoma nawasalimu. Mi nipo Tanga, Sahare huku, kazi yangu dagaa. Boti zikiingia asubuhi nanunua ndoo mnadani, nachemsha kwa maji ya chumvi, naanika kwenye chanja, wakikauka nawauzia wanaopeleka bara.

Walio kwenye hii kazi wanajua, sisi tunaishi kwa giza. Dagaa anavuliwa kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haimvuti, boti zinalala, kwaiyo kila mwezi kuna siku mikono imekaa tu, halafu kuanzia mwezi wa 5 kusi ikianza kuvuma bahari inachafuka hata giza lenyewe unaweza ukalipita hivi hivi bila kitu. Na katika hali hiyo hiyo Mungu hajatuacha, nasema kwa moyo wote. Kuna siku mvua ya manyunyu ilinikuta mzigo wote uko juu ya chanja, dagaa wakawa wekundu, wamelegea, hakuna mtu wa kuwanunua kwa kula. Jioni akaja kaka mmoja simjui hata jina anatafuta dagaa wa kuchanganya chakula cha kuku, akabeba wote. Bei ndogo sawa, ila mtaji ulirudi na kesho yake nilikuwa mnadani kama wenzangu. Mambo ya hivyo nimeyaona mengi mno siwezi kuyamaliza hapa.

Sasa shida iko hivi. Miaka ya nyuma mume wangu alichukua mkopo wa hawa kausha damu, kazi zikasimama (ni fundi ujenzi), wakaja wakabeba friji na tivii majirani wanaangalia. Tulivyolimaliza lile deni alisimama kanisani akashuhudia kwamba nyumba yake haitakopa tena maana Mungu wetu ni mwaminifu. Na mimi niliitikia amina, na mpaka leo hao watu wa kausha damu sitaki hata kuwasikia.

Mwaka huu binti yetu kachaguliwa kidato cha tano, bweni, tena Tabora. Jamani nilivyofurahi! Ada serikali ilishafuta tangu 2022, lakini kuna godoro, sanduku, sare, viatu, shuka, madaftari, na nauli ya kutoka Tanga mpaka Tabora, na shule inafungua mwezi wa 7, yaani kusi iko katikati na dagaa hakuna. Mi nipo kwenye kikoba cha akina mama, hisa zangu zipo, naweza kukopa nikarudisha kidogo kidogo, riba yenyewe ndogo na tunagawana wenyewe mwisho wa mwaka. Mume wangu hataki. Anasema tuombe, Mungu atafungua mlango, nikikopa nimemwambia Mungu hatoshi. Ananikumbusha wana wa Israeli jangwani, waliolaza mana mpaka asubuhi iliingia funza.

Nami nimelifikiria sana hilo nikiwa nageuza dagaa juani. Mbona siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili na haikuoza? Na Yusufu si aliweka nafaka miaka saba kabla ya njaa? Na yule mjane wa Elisha aliyekuwa anadaiwa, Mungu alimlipia deni, ila kwanza aliambiwa aende kwa majirani akaazime vyombo. Mi naona kile kikoba, wale wanawake, zile hisa nilizoweka giza lilipokuwa zuri, huenda ndiyo mlango wenyewe tunaouomba. Ila nikimwambia hivyo ananyamaza, naona anaumia, kama vile namwambia ushuhuda wake ulikuwa wa bure. Na sio wa bure, yule baba anaomba usiku mpaka naamka namkuta kapiga magoti.

Jirani yangu kanishauri nikope kimya kimya nimwambie hela imetoka kwa dagaa. Hilo siliwezi, siwezi kumshukuru Mungu juu ya uongo. Na kumwacha mtoto akae nyumbani tukisubiri nalo siliwezi, na muda wa kuripoti ukipita nasikia nafasi inaweza kupotea.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mtu unajuaje hapa nasubiri kwa imani na hapa nakaa tu bila kufanya kilicho mkononi? Pili, nianzeje kuongea naye asione nimepoa kiroho? Nimewaza nimwombe mzee wa kanisa aje tukae watatu, ila naogopa ataona nimemshtaki. Waliopitia hali kama hii, hasa akina baba, niambieni mke wenu angesema nini ndo mngemsikia. Na kama kuna mtu ana binti anasoma bweni Tabora anielekeze kama godoro ni bora kununua huku au kule kule.

Mama wa Sahare, Tanga