Barua ya malalamiko: nililipia maikrojuli 50, nimepewa 20

Karakana ya Vioo vya Saa,
Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.
12 Juni

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: LEZA YA FAIBA ISIYOFIKIA NISHATI YA PIGO ILIYOAHIDIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miezi mitatu iliyopita mliniuzia leza ya faiba ya femtosekunde ya kukatia vioo vya saa, yaani inayokuza mapigo mafupi mno ya mwanga ndani ya uzi wa kioo. Profoma yenu inasema wati 10, maikrojuli 50 kwa pigo. Mimi nilifuata hizo maikrojuli.

Hesabu yake ni ya kugawanya tu: wati kwa idadi ya mapigo kwa sekunde. Kwenye megahezi 1, yaani mapigo milioni moja kwa sekunde, wati 10 ni maikrojuli 10. Nikitaka 50 lazima nishuke hadi kilohezi 200, yaani mapigo laki mbili kwa sekunde, na wati zibaki 10. Hazibaki. Kipimio kilisoma wati 4, yaani maikrojuli 20, fundi wenu akiwa amesimama hapo hapo.

Akaniambia niongeze pampu, yaani mwanga unaoilisha leza nguvu. Nikaongeza. Wati zikapanda kidogo, kioo kikaanza kumeguka ukingoni. Ukipitisha ukucha unakwama. Kijana wangu alijichana kidole, akasema, "Bosi, hii mashine inatukata sisi." Mwanga mkali ukibanwa kwenye uzi mwembamba unaliharibu pigo lenyewe, na pampu inazidisha tatizo. Dawa yake ipo tangu 1985, Donna Strickland na Gérard Mourou walipolirefusha pigo kwanza, wakalikuza, ndipo wakalibana tena. Kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel 2018. Dawa nyingine ni uzi wenye kiini kipana. Profoma inataja vyote viwili, kirefusho cha pigo na kiini cha maikromita 30. Kirefusho sijakiona, na kibandiko ndani ya kasha la kikuza mwanga kimeandikwa maikromita 10. Picha nimeambatisha.

Mkasingizia na joto la Dar! Chumba kina kiyoyozi usiku na mchana, nyuzi 22, na luku nanunua mimi.

Naomba mniletee kikuza mwanga nilicholipia, kipimwe hapa Gerezani kwenye kilohezi 200 nikiwepo, au mnirudishie fedha zangu ndani ya siku 14. Simu za "tunalishughulikia, mzee" nimeshapokea nne. Safari hii nijibuni kwa maandishi.

Wako mteja,
Mmiliki wa karakana