Kuhusu mayai ya kasuku

Habari zenu wanakikundi. Picha za mayai zimekuwa nyingi wiki hii, na wote mnauliza: lina kifaranga au halina?

Jibu ni kulimulika. Subirini siku 7 hivi tangu jike aanze kulalia kwa dhati, si tangu alipotaga. Gizani, wekeni tochi ndogo isiyo na joto upande butu wa yai. Mkiona mishipa myekundu imetanda kama utando wa buibui, lina uhai. Likibaki angavu na kiini cha njano tu, huenda ni tupu; mulikeni tena baada ya siku chache. Duara la damu bila mishipa maana yake kijusi kimekufa. Msilitikise, tafadhali! Na jike asiye na dume hutaga pia, ila hayo hayaanguliki.

Hamtaki vifaranga? Msiyaondoe mayai, atataga mengine na kuishiwa kalisi, yaani madini ya kujenga maganda na mifupa. Yachemsheni yakiwa mapya, yapoe, myarudishe ayalalie hadi achoke mwenyewe.

Ndugu wa tumbo moja msiwapandishe. Na kama hujapata wa kuwalea vifaranga, kiota cha nini?